Mgeni wa Nyumba ya Mtoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nnapomsikia kijana akisema anakwenda nchi za watu kujitolea. Juzi ulipoketi hapa ukatwambia umekubaliwa kwenda kufundisha watoto ng'ambo, mama yako alipiga vigelegele. Mimi, shangazi yako, nilinyamaza, na najua ulinitazama ukadhani nina kijicho. Sina. Nilikuwa namkumbuka Klara.

Nilikuwa na umri kama wako, nimemaliza skuli, nakaa Michenzani, mjini Unguja, kwa shangazi yangu, Bi Kazija. Kwa kuwa Kiingereza kilinikaa vizuri mdomoni, nilipata kazi Mtoni, katika nyumba iliyosemekana inalea mayatima. Nikipika chakula cha mchana na kuwafasiria wageni. Mwenye nyumba tukimwita Bwana Hafidhi, mtu wa kwetu hasa, kanzu safi na maneno matamu kama haluwa. Akipita njiani, wazee wakimwombea dua.

Klara alitoka Ulaya, msichana mrefu, mkimya, akaja kujitolea. Neno lenyewe liliwatatiza majirani. "Raya," wakiniuliza, "huyo kwao hana wadogo zake wa kuwakosha?" Nami nikajiuliza hivyo hivyo. Mtu amwache mama yake, avuke bahari, aje kuwafulia nguo watoto wa watu bila ya ujira? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake begani, na mtu kama huyo lazima ujiulize anataka kulima nini.

Basi nikamtia jicho. Na kila nilipomtazama, niliona la kunitia wasiwasi. Akiwapiga watoto picha. Akiwapakata wadogo, akiwanusa nywele kama mama. Kisha akaanza kuwauliza majina ya mama zao. Hapo roho yangu ikaruka. Mtu anayewaosha mayatima ana haja gani na majina ya marehemu?

Nilimwambia Bwana Hafidhi. Akatikisa kichwa, akanisogelea karibu. "Umefanya vizuri kuniambia. Hawa watu huja na peremende, wakaondoka na watoto. Akikuuliza jambo lolote la watoto, mwambie hujui."

Nikajiona mlinzi. Mwanangu, hakuna ulevi kama mtu kuambiwa yeye ndiye mlinzi.

Siku moja nilikuwa nakuna nazi, Klara akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa akijifunza Kiswahili, akikivunja kama anavunja kuni, lakini akikisikiliza kwa makini. Akaniuliza kuhusu Mize, mtoto wa kike aliyetoka upande wa Makunduchi, mdogo, hajang'oka hata meno ya utoto.

"Raya, mtu amekufa, mnasema 'alikuwa akipika', ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mize anasema, 'Mama yangu hupika kwa nazi nyingi.' Kila siku anasema hupika. Kwa nini?"

Nikamjibu kuwa mtoto hajui kusema. Lakini mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi ya nazi. Mtoto wa Makunduchi hajui Kiswahili, ila mzungu ndiye anayekijua?

Jioni ile nilimhadithia shangazi. Sikumhadithia habari za Mize. Nilimhadithia udadisi wa mzungu, nikitaraji anisifu. Bi Kazija alikuwa akisuka ukili wa mkeka, hakuinua macho.

"Huyo mgeni unamshuku?"

"Nnamshuku, shangazi."

"Vyema. Na Hafidhi, yeye umewahi kumshuku?"

Nikacheka. "Bwana Hafidhi? Si mtu wetu!"

Hapo akauweka ukili chini. "Kikulacho ki nguoni mwako, Raya. Wewe umekaa mlangoni kumvizia mwizi wa nje, hukuuliza chumbani mna nani. Mgeni kakuuliza swali la kweli, nawe badala ya kulijibu unamchunguza muulizaji. Nenda Makunduchi."

Nilinuna, sikufichi. Lakini siku yangu ya mapumziko ilipofika nilipanda gari ya shamba. Huko sikuhangaika sana. Nilitaja jina la Mize na la babake kama mtoto mwenyewe alivyonitajia, nikaelekezwa pwani. Wanawake walikuwa wakitandaza mwani juani. Nikamwamkia mmoja shikamoo, nikamuuliza kama anaijua familia ya mtoto yatima aliyepelekwa Mtoni.

Mwanamke wa pembeni akageuka. Uso ni ule ule wa Mize, ila umekua.

"Yatima?" akasema. "Nani kafa?"

Akanisogelea.

"Baba yake kenda kuvua asubuhi hii. Mimi huyu hapa. Au nshakufa sina habari?"

Huyo ndiye Bi Mboja. Akanieleza, mwani mikononi, kuwa bwana mmoja mwenye kanzu alikuja kijijini akasema ana skuli ya bweni mjini, wazungu wanasaidia, watoto watafundishwa bure. Akawasihi wazee wasiende kuwatazama mara kwa mara, wasije wakawatia watoto simanzi. Wakamwamini. Nani asingemwamini? Kila aliposema neno, akitaja jina la Mungu.

Kesho yake Bi Mboja akaja Mtoni, na dada yake. Siku hiyo ukumbini walijaa wageni wapya, wafadhili, na Bwana Hafidhi alikuwa amewapanga watoto waimbe. Mize alipomwona mama yake hakuimba tena. Alikimbia, akamvaa kiunoni, akalia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele hunisimama.

Wageni wakauliza kuna nini. Bwana Hafidhi akanigeukia huku anatabasamu. "Raya, wafasirie. Huyu ni jirani wa kwao, akili zimemruka tangu msiba."

"Mimi ndiye niliyemzaa!" akapiga ukelele Bi Mboja. "Mtoto wangu nnamtaka!"

Wote wakanitazama mimi. Bwana Hafidhi alikuwa akiniangalia kwa jicho lisilopepesa, na ile kazi ndiyo iliyokuwa ikituwekea chakula mezani, mimi na shangazi. Klara alisimama ukutani, mweupe kama karatasi. Nikafungua mdomo, nikafasiri maneno ya Bi Mboja, si ya Hafidhi.

Sheha wa mtaa aliitwa. Wazazi wakaja mmoja mmoja kuwachukua watoto wao, na nyumba ikafungwa. Usidhani kila kitu kilikwisha kwa furaha. Walikuwepo ndugu wawili, wasichana, ambao kweli wazee wao walikuwa wamekufa. Hao alikuja kuwachukua ami yao, uso kaukunja, na sikuwahi kusikia tena habari zao. Nyumba ya uongo ndiyo iliyokuwa ikiwapa wali.

Klara alilia siku nzima. Aliniambia jambo ambalo sikulitaraji. "Raya, sisi ndio tuliowafanya mayatima. Tunakuja kwa sababu tunataka watoto wa kuwasaidia. Basi watu wakatutafutia." Kisha akasema, taratibu, kuwa kwao alikuwa hajioni kuwa na maana, na huku kila asubuhi watoto walimkimbilia. Hakuwa mwizi. Alikuwa na njaa, na njaa yake mtu mwingine aliifanyia biashara. Alirudi kwao akawaeleza waliokuwa wanajiandaa kuja, wengine wakamchukia.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikwambii usende. Lakini kabla hujafunga sanduku, uliza ni nani aliyekuita: wenye watoto, au mwenye nyumba? Uliza nani ananufaika ukiwepo, na nani wa pale pale angeifanya kazi hiyo lau wewe usingekuwepo. Ukiambiwa usiulize, hapo ndipo pa kuuliza. Usimwamini mtu kwa sababu ni mgeni, wala kwa sababu ni wa kwenu. Na wa kwanza kumshuku awe ni wewe mwenyewe: unakwenda kushibisha njaa yao, au yako? Kila mwanadamu ana njaa yake, si aibu. Aibu ni kuivika kanzu ya sadaka. Na huko wakikutilia shaka, usikasirike. Wana haki yao. Kaa chini, jifunze lugha yao, sikiliza wanavyosema watoto.

Nenda, mwanangu. Mola akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema lililo kweli hata litakapokugharimu. Akukinge na wenye maneno ya asali, akupe watu wa kukukanya ukikosea, na kila mlango utakaoingia ukutoe hali waliomo wamekuombea kheri. Amin.