Fundi Viatu na Fuvu la Farasi

Mwaka mzima fundi viatu wa bonde letu la Cwm Gelli huishi na misumari mdomoni. Ukimsalimu, "Mm." Ukimlalamikia soli, "Mm," huku kidole gumba kikiipapasa kama anayepima homa ya mtoto. Hata kanisani huimba kama mwenye misumari. Lakini Mwaka Mpya ukiingia, kwa desturi ya bonde, hujifunika shuka jeupe, hunyanyua fuvu la farasi lenye tepe, akaenda mlango kwa mlango akirusha mashairi. Mwenye nyumba akikosa ubeti wa kumjibu, sharti afungue, atoe keki na pombe.

Mjane Angharad, mteja wake wa kila wiki, hakuwahi kukosa jibu. Mwaka huu fuvu likagonganisha meno mlangoni pake:

"Kisigino nakigonga, kesho tena kimeng'oka;
Ni mawe yanakichonga, au mimi wanitaka?"

Majirani waliofuatana na fuvu wakaangua kicheko. Angharad akatafuta ubeti, asiupate. Akafungua, uso umemwiva kwa haya, akamvua lile shuka.

"Haya, baba, hebu yarudie hayo tukitazamana."

Fundi akainamia viatu vyake. "Mm."

Angharad akasonya, akamfunika tena gubigubi. "Rudi humo humo! Mimi naolewa na farasi."