Mvumu wa Anatoli na Minandi wa Bwawani

Tangu minandi, ndege wala samaki, walipoanza kuzaliana kwenye mvumu wa marehemu baba yake, Anatoli hakuweza tena kumaliza sahani ya chakula. Alikula amekaa upande, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni, na kabla maharage hayajapoa alikuwa ameinuka kwenda kuuangalia mti.

"Baba Adija," mkewe Ernesta alimwambia jioni moja, "huo mti haujajifunza kutembea. Utaukuta palepale."

"Na majani yake? Nayo nitayakuta?"

Ernesta alifunika sahani. Majani kweli yalikuwa yanapukutika.

Mvumu ni mti wa utomvu mweupe kama maziwa, ambao Waha wa zamani waliupanda kuzungushia boma. Huu ulisimama ukingoni mwa bwawa la kijiji, huku Busunzu. Baba yake Anatoli alipohamia hapa alikata gongo bichi kwenye boma la babu, akalichomeka ardhini, likaota. Mzee alipofariki, mdogo wake Anatoli, Nickson, alipewa shamba lenye migomba, na Anatoli, ambaye tangu ujana alikuwa mtu wa nyuki, akapewa mti pamoja na mizinga iliyotundikwa juu yake. Hakulalamika. Maisha yake yote alikuwa akitembea na kamba begani kutoka Kitahana hadi Makere, akitundika mizinga ya magome kwenye miti ya watu, na hakutaka mali ya kumfunga mahali pamoja. Ila kila aliporudi safari, mti ule ndio uliomwonyesha kwamba amefika kwao.

Kisha bwawa likachimbwa, wakapandikizwa samaki, na ndege weusi wenye shingo ndefu wakafuata samaki. Mwanzoni Anatoli alipenda kuwatazama. Walizama kama jiwe, wakaibukia mbali, halafu wakapanda kwenye mvumu na kusimama mabawa yamefunguliwa, maana manyoya yao hulowa na ni lazima yaanikwe. Walipojenga viota vya vijiti ndipo furaha ilipoisha. Matawi yaligeuka meupe, harufu ya samaki waliooza ikatanda, na nyuki wa mizinga miwili wakahama.

"Kaka, urithi wako umepata wapangaji," Nickson alisema akipita na mkungu wa ndizi. "Tena wanakupakia chokaa bure."

Anatoli alikwenda Kibondo mjini kwa Rabia, afisa wa wanyamapori aliyehamishiwa huko kutoka Tanga. Rabia alikuja na pikipiki, akauzunguka mti, akaokota donge lililojaa miiba ya samaki.

"Hili wamelitapika," alisema. "Miiba isiyosagika tumboni huirudisha. Kinachokuulia mti ni kinyesi. Ni kikali, mzee wangu. Kinaunguza majani, na kikizidi kwenye udongo kinaunguza mizizi. Ni kama kumwagia mche mmoja gunia zima la mbolea."

"Na nyuki wangu?"

"Hapo siwezi kuapa. Nyuki huhama kwa mambo mengi."

"Basi niwafukuze hawa ndege."

"Wana makinda. Waache wakue, waruke. Msimu ujao tutawazuia kabla hawajajenga."

"Watakua lini, mama?"

"Mwezi na zaidi."

Anatoli aliutazama mti kama mtu aliyefikisha mgonjwa hospitali akaambiwa daktari ametoka. Mwezi na zaidi. Usiku huo aligeuka kitandani mpaka Ernesta akahamia kwenye mkeka.

Kesho yake, jua la mchana likiwa kali, alichukua kamba na bomba la moshi analotumia kwa nyuki, akapanda. Aliujua moshi kuliko alivyojua kitu kingine chochote. Moshi ulipopenya kwenye matawi, minandi waliinuka wote kwa mlio mkavu, wengine wakitapika samaki, wakatua katikati ya bwawa. Anatoli alizima bomba akasubiri waondoke kabisa. Hawakuondoka. Walielea tu wakimwangalia.

Ndipo alipotazama ndani ya viota. Makinda yalikuwa uchi, ngozi nyeusi, hata unyoya mmoja hayakuwa nao. Yaliinua vichwa yakidhani ni mama, kisha yakalala yameachama, ngozi ya koo ikitetemeka upesi upesi. Anatoli alishtuka. Alidhani ameyalisha sumu ya moshi. Alitoa simu.

"Mama Rabia, makinda yanatetemeka koo. Ni ugonjwa?"

"Mzee, uko wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye mti."

"Hawaumwi, wana joto. Mnandi hatoi jasho, anapepea koo ili apoe. Mzazi ndiye anayesimama kuwakinga jua, na kuwaletea maji mdomoni. Wazazi wako wapi?"

"Bwawani. Wananitazama."

"Wanangoja ushuke."

Anatoli hakushuka. Angeshuka wangerudi, na mti ungeendelea kufa. Alivua shati akafunika kiota kimoja, akakiinamia cha pili kwa kifua chake, mikono ameitandaza. Vingine vilibaki juani. Mwewe alipita chini chini, akarudi, na aliporudi akabeba kinda kwenye tawi ambalo mkono wa Anatoli haukulifikia. Alimpigia kelele, lakini mwewe alikuwa ameshavuka bwawa.

Chini alisikia sauti ya mkewe, aliyekuja na jembe begani.

"Baba Adija. Na wewe sasa unaanika mabawa?"

Hakucheka. "Mama Adija, una panga?"

"La kukatia nini?"

"Lifunge kwenye kamba."

Ernesta alisita, akamtazama usoni, kisha akalifunga. Anatoli alilivuta, akajisogeza hadi upande ambao minandi walikuwa hawajajenga, akachagua tawi bichi lenye unene wa mkono, akalikata. Utomvu mweupe ulimchuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Aliliteremsha kwa kamba, akachukua shati lake, akashuka. Kabla hawajafika njiani mnandi wa kwanza alikuwa ametua, midomo midogo imemwelekea, naye akiwamiminia maji.

Gongo alilichomeka nyuma ya jiko. Wiki zilizofuata aliishusha mizinga iliyobaki, na upande mmoja wa mvumu wa zamani ukakauka. Hakuwasha moshi tena.

Sasa anakula nje, sahani magotini, mbele ya gongo. Kila baada ya matonge mawili anainuka, anakwaruza gome kwa ukucha kuona kama bado kuna maziwa. Yapo, ila halijachipua.

"Utalikwaruza mpaka life," anasema Ernesta.

Anarudi kukaa. Anakula tonge moja, kisha anainuka tena.