Mstari Uliopita Jikoni

Kabla ya kuajiriwa kwenye kompyuta nilikuwa nauza vitenge pale Tunduma, na kazi zote mbili zilinidai tabia moja: kuhesabu mara mbili kabla sijamwamini mtu. Ofisi ya upimaji iliyonichukua ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, kila tulichokiandaa kilipelekwa Mbeya.

Mwaka huo ulizagaa uvumi kwamba nyumba zilizosogelea mno mpaka wa Zambia zitabomolewa. Bosi wangu, mpimaji, alipewa kazi ya kuonyesha nyumba za kulipwa fidia. Nilikuwa nimeshazichora zote juu ya picha ya setilaiti. Siku ya kukabidhi ilibaki kuchora umbo moja refu kando ya mpaka, kuiamuru programu ichukue nyumba zilizomo ndani ya umbo hilo tu, na kuziweka kwenye flashi.

“Dada, basi la Mbeya halinisubiri,” alisema bosi. “Na ujue, ambaye hayumo kwenye faili hana nyumba.”

Alisema hayo huku akitafuna karanga.

Nikachora. Upande mmoja mstari wangu ulifuata mawe ya mpaka, upande wa pili barabara ya vumbi. Nikabonyeza, na nyumba zilizochukuliwa zikageuka njano. Nikahesabu, nikarudia. Idadi ililingana na ile ambayo programu iliiandika chini ya kioo, na mtu mwingine angeridhika. Mimi nikatafuta paa la nyumba niliyopanga chumba. Halikuwa njano.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kinamwanga, mjane, kaka zake wote wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwetu pale, mwenye ndugu ng'ambo akiongeza chumba huongeza kuelekea kwa ndugu. Sebule Tanzania, jiko Zambia. Hakuna aliyeona ajabu: ugali ulisongwa nje ya nchi ukaliwa ndani, na ushuru hatukulipa. Lakini mimi nilikuwa nimeiambia programu ichukue nyumba zilizo ndani ya umbo nzima nzima. Zenye jiko ng'ambo zilikuwa zimetoa mguu nje, ikaziacha zote.

Njia nyingine ilikuwa kukata. Hapo umbo linageuka kisu: cha ndani kinabaki, cha nje kinatupwa. Mama angeingia kwenye faili, ila bila jiko. Nikajaribu njia ya tatu, ile ya sokoni.

“Nikiusogeza mstari kidogo, bosi? Hatua chache tu, jiko liingie.”

“Hapa hatuuzi vitenge, dada. Ukiusogeza umeingia nchi ya watu. Faili lote litatupwa, halafu tutaulizwa tumetumwa na nani.”

Nimewahi kupatana bei na Wazambia, Wakongo na mgambo wa soko. Huo ulikuwa mstari wa kwanza kukataa kupungua hata kwa kuoneana haya. Nikampigia mama simu.

“Mama, kompyuta inataka kukata jiko.”

“Awe, hapana! Jiko limeikosea nini?”

“Tukilikata, sebule na vyumba vinaingia kwenye fidia. Tusipolikata, nyumba yote haimo.”

Nilisikia kifuniko cha sufuria kikicheza.

“Wakishalikata huko, wanakuja kulibomoa huku?”

“Sijui, mama.”

“Wewe unayechora hujui, sasa anajua nani?”

Bosi alikuwa mlangoni, begi begani.

“Haya, kata,” alisema mama. “Ila kata taratibu, nina maharage motoni.”

Nilikata. Mara ya kwanza nilibonyeza pembeni. Kisha jiko likatoweka, bila sauti, na majiko ya majirani pamoja nalo. Hao sikuwa nimewauliza. Nyumba zote sasa zilikuwa njano, kila moja imenyooka upande wa Zambia kama mkate uliokatwa. Bosi akachomoa flashi akaondoka.

Nilikwenda nyumbani karibu kwa kukimbia. Sebuleni moshi ulikuwa umetanda. Mama alikuwa anapikia kwenye jiko la mkaa katikati ya makochi, vyombo vyote amevipanga chini ya meza. Mlango wa kuelekea jikoni ameufunga kwa kamba.

“Wameshafika?” aliniuliza kwa sauti ya chini.

“Nani, mama? Faili lenyewe halijafika hata Vwawa hapo njiani. Jiko lipo, ukuta upo.”

“Haya. Wewe uliyelikata, pita ukaniletee chumvi.”

Nikaufikia mlango, nikashika fundo. Nilijua kabisa kwamba ng'ambo ya mbao zile hakuna kilichobadilika. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Nikaiachia kamba, nikatokea mlango wa mbele kwenda kununua chumvi dukani.