Nilivyomwonya Rubani Kuhusu Mafuta

Kwa ndege tukitoka Mombasa tulikuwa mimi, Kanana mke wa mwanangu, na shemeji yangu Mutwiri wa Nkubu. Rubani alikuwa mwanangu, Murithi. Alikuwa ametuambia kompyuta hupiga hesabu ya mafuta, lakini vibao vya mabawa vikikwama nje, ndege hula mafuta zaidi nayo haijui, inasema yanatosha na kumbe yanaisha.

Basi tukikaribia Nairobi nikaona vibao vinatoka. Nikasimama: "Murithi! Kompyuta inakudanganya! Mafuta yanaisha!"

Abiria wakalia. Mutwiri akaanzisha maombi.

"Mama, keti," Kanana akaninong'oneza. "Vibao hivyo hutolewa kila ndege ikitaka kutua."

Tukatua. Murithi akatoka amekasirika. "Nani ametisha watu wangu?"

Mutwiri, aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote, akaninyooshea kidole. "Si ni mama yako!"

Mliokuwepo, kama nimekosea jina, nisahihisheni.