Uzio Uliokata Njia ya Chemchemi

Nilipohamishiwa Makere, wilayani Kasulu, kutoka Tanga, walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine walinikaribisha kwa nasaha: Waha ni watu wazuri, ila wazoee kwa mbali. Wenyewe walikuwa wameishi Kasulu miaka mingi, na Kiha chote walichokijua ni "mwakeye," salamu ya asubuhi, ambayo waliitoa hata jua likizama. Wataalamu kwelikweli.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane, shamba lake la maharage likipakana na nyumba za walimu. Siku niliyofika aliniletea mihogo, akanikuta nagombana na jiko lililojaa moshi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniwashia. Tukazoeana hapo hapo.

Halafu likaja wazo la uzio. Mkuu wetu wa shule aliamua nyumba zetu zizungushiwe seng'enge, kwa ajili ya usalama. Usalama dhidi ya nani, hakusema. Waliokuwa wakikatiza pale ni kina mama wenye ndoo vichwani wakienda chemchemi, na sijawahi kusikia mtu aliyevamiwa na ndoo. Njia ikifungwa, wangelazimika kulizunguka bonde zima.

Tukaitwa kwenye kikao cha ujirani mwema. Majirani hawakualikwa. Tulikuwa tunashirikisha jamii, na jamii yenyewe ingetuvurugia kikao.

"Wewe umewazoea," mkuu akaniambia. "Hebu tueleze, wanataka nini?"

"Jirani yangu yupo hapo nje anapalilia, mkuu. Kwa nini nimsemee? Nimwite?"

Alisita, lakini angekataaje mbele ya watu? Nikaenda kumwita.

Mama akaingia na jembe mkononi, akamsalimia kila mtu, mmoja mmoja, kwa Kiha, bila haraka, mpaka mkuu akatazama saa. Kiswahili anakijua vizuri. Siku hiyo aliamua kukipumzisha. Mwalimu mwenzetu mzaliwa wa Kasanda, Muha mwenyewe, akawa anatafsiri.

"Anauliza, maji mnayokunywa huwa anawachotea nani?"

Tulikuwa tunachotewa na kina mama wale wale.

"Anasema mkiifunga njia, yeye hana neno. Bondeni mtazunguka wenyewe."

Mkuu akakohoa. Mimi nikaitazama dari, maana nikimtazama mama ningecheka.

Uzio ulijengwa, likaachwa pengo la kupitisha hata mkokoteni. Kwenye mahafali, mkuu alimweleza mgeni rasmi jinsi alivyobuni, kwa hekima zake, njia ya majirani. Mama alipiga makofi kuliko wote, huku akinisukuma kwa kiwiko.

Likizo ilipofika wenzangu walikwenda makwao. Mimi nilibaki kidogo nikamsaidie kuvuna maharage.

"Mwalimu, ng'oa taratibu," aliniambia. "Hayajakukosea kitu."

Nilishinda naye shambani hadi mgongo ukagoma kunyooka. Jioni akanifungia maharage kwenye khanga, akanikataza kushukuru, akaniambia kesho nije mapema zaidi.