Nilivaa Mapembe wa rangi tatu, na Mapembe mwenyewe alikuwa ukumbini

Wakuu, salaam kutoka Brussels, mvua ipo kama kawaida.

Mimi humu jukwaani huwa nasoma tu na kupita. Leo naandika kwa sababu jambo limenitokea Jumamosi iliyopita na nikikaa nalo kifuani nitapasuka. Kila neno ni kweli, na shahidi ninaye, anakaa ghorofa ya chini yangu. Asiyetaka kuamini apite salama.

Twende.

Waliokua miaka ya tisini watanielewa. Kulikuwa na series moja ya Kijapani ya zamani, jamaa anapambana na majitu ya mpira, anaruka, anageuka hewani, akitua tu mlipuko nyuma yake. Siyo katuni, ni watu kabisa wamevaa masuti. Jina lake halisi hatukulijua. Mtaani kwetu Moshi tulimwita Mapembe, kwa sababu ya zile pembe mbili kwenye helmeti.

Tulikuwa tunamwangalia kwa jirani, Mama Rukia. TV ya chogo, black and white, inatumia betri ya gari. Kabla ya kuingia unanyoosha miguu, anakagua. Una vumbi? Utachungulia dirishani. Yule mama hakuwa na mchezo!

Sasa TV yake ilikuwa na kile kioo cha plastiki cha rangi kwa mbele. Mnakikumbuka? Juu bluu, katikati rangi ya machungwa, chini kijani. Ndiyo ilikuwa "color TV" yetu, na tulitamba nayo shule nzima.

Kwa hiyo Mapembe ninayemjua mimi ana kichwa cha bluu, kifua cha machungwa, miguu ya kijani.

(Najua mtauliza, kwani yale majitu hayakuwa na vichwa vya bluu? Yalikuwa navyo. Na polisi pia. Utotoni nani anahoji? Na ukubwani sikurudi kulifikiria.)

Miaka ikaenda, nikajikuta Brussels. Napika kwenye canteen ya ofisi moja kule Schuman. Juzi kati nikaona bango la siku ya series za zamani za Kijapani, ukumbi uko karibu na Flagey. Picha yenyewe black and white. Mapembe! Nikasimama pale kwenye mvua natabasamu peke yangu, watu wananipita pembeni.

Nikasoma maandishi ya chini, moyo ukanilipuka. Mzee aliyekuwa ndani ya lile suti, mwenyewe, anakuja! Ana zaidi ya miaka themanini na hiyo ndiyo safari yake ya mwisho Ulaya. Kwa umri wake hatapiga picha na kila mtu. Atakutana na mtu mmoja tu jukwaani, mshindi wa shindano la kuvaa kama yeye.

Wakuu, nikasema huyo mtu ni mimi. Hakuna kitu nimewahi kukitaka hivyo tangu niache kuvaa kaptula.

Helmeti nikaitengeneza mwenyewe, ya pikipiki, mtumba, pembe nikachonga kwenye povu la godoro. Vitambaa vya suti nikampelekea Maman Furaha. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, ndiye jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Laeken, na kwenye cherehani ni moto wa kuotea mbali. Mimi ananiita kwa jina la binti yangu.

Akavikunjua vile vitambaa, akaniangalia.

"Papa Neema, hizi ma couleur, uko sûr? Juu ya nini hauangalie kwanza mu téléphone?"

"Maman, huyu mtu nimekua naye. Niangalie nini?"

"Bon. Mie nitashona. Lakini naona utafanana na muntu wa kuuzisha crème glacée."

Muuza aiskrimu, mimi! Kiburi, wakuu. Sikuangalia.

Jumamosi tukafika, mimi na Maman Furaha. Nyuma ya jukwaa nikawakuta Mapembe wengine wamejaa, Wabelgiji, Wafaransa, wengine masuti yao yanang'aa kama ya dukani.

Wote wekundu. Wekundu pyuuu! Kichwa mpaka kidole.

Nikatoa simu, nikatafuta. Kila picha, nyekundu. Hapo ndipo akili ikafunguka: ile plastiki! Mama Rukia, umeniua!

Nikaushika mlango wa nyuma nitoroke. Maman Furaha kasimama palepale, bado ana pini mdomoni.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekosea kila kitu, Maman."

"Eeh! Mie mikono inaniuma kwa kushona, na wewe unakimbia? Kama ni kucheka, bacheke. Ingia!"

Nikaingia. Na kweli walicheka. Ukumbi mzima. MC akanisogezea mic, akauliza kwa Kifaransa kama mimi ni Mapembe au ni bendera ya nchi gani.

Hapo nikapandisha hasira. Nikaishika ile mic, nikawaeleza yote kwa Kifaransa changu cha jikoni: betri ya gari, miguu ya kukaguliwa, plastiki ya rangi. Nikawaambia nimemtafuta huyu mzee moyoni tangu nina meno ya utoto, na hizi ndizo rangi alizonijia nazo. Anayetaka kucheka aendelee.

Mzee alikuwa kiti cha mbele, mkalimani anamnong'oneza sikioni. Mara akasimama. Majaji hawajasema kitu, yeye anapanda ngazi na mkongojo wake. Akanifikia, akagusa kifua, akagusa mguu, akakagua mishono ya Maman Furaha taratibu. Kisha akasema jambo refu.

Mkalimani: "Anasema alipoanza, nyumba nyingi kwao zilikuwa bado na TV za black and white. Watoto walikuwa wanamwandikia kumuuliza ana rangi gani. Anasema kama angejua kuna wewe, angewajibu hivi."

Machozi yalinitoka wakuu, sifichi.

Akaomba helmeti. Nikaivua, nikampa. Akanikabidhi mkongojo wake nishike, akaivaa ile bluu, akatanua miguu, mkono juu, mkono kifuani. Pozi lenyewe! La Mapembe halisi!

Ukumbi ukainuka wote. Wale wekundu ndio walikuwa wa kwanza kupiga makofi. Maman Furaha akapanda juu ya kiti, vigelegele mpaka walinzi wakachungulia. Majaji walitangaza mshindi huku wanacheka, kwani bado kulikuwa na la kujadili?

Tukapiga pozi pamoja, mimi na yeye. Wakati wa kushuka mkalimani akanivuta pembeni: mzee anauliza kama naweza kumwachia hiyo helmeti.

Funzo nililopata ni hili. Ulichokiona utotoni ni chako, usikionee aibu kwa sababu wenye kioo kizuri waliona vingine. Na ukiwa na jirani wa kukuzuia mlangoni, mshukuru Mungu.

Karibuni tuongee. Kwenu plastiki ilikuwa na rangi gani? Na wale wa kunicheka jinsi nilivyopambwa, chekeni tu kwa nafasi. Helmeti yangu iko Japan, nyumbani kwa Mapembe.