Waya wa Sauti wa Mama Anaeli

Hii si habari ya kusikia kwa watu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na bisibisi mkononi. Mke wangu haamini mpaka leo. Wewe nisikilize kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mizigo ya Dubai ikaanza kumiminika Arusha. Huku bara hatukuwa hata na stesheni ya televisheni, lakini watu walinunua televisheni hivyo hivyo, wakaunganisha na deki za video, wakaangalia kanda za sinema, za kwaya, na za harusi zao wenyewe. Mimi nilikuwa fundi, nina kibanda Kijenge. Nilitengeneza redio na kuuza nyaya za kuunganishia deki na televisheni. Mwenye uwezo nilikwenda kwake kumfungia mtambo mzima, spika kila pembe ya sebule, akae pale kama yuko sinema.

Nyaya zangu zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na nene, ambazo pini zake zinashika barabara. Na kulikuwa na nyembamba za bei rahisi, zimefungwa kumi kumi kwa mpira. Hizi nyembamba niliujua ubaya wake. Ndani mna nyuzi mbili tatu tu za shaba. Ukiukunja waya kidogo zinakatika, na nje huoni kitu. Nilijua, na bado nikaziuza. Nalisema hilo mapema usije ukadhani najitetea.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa Kimeru, ametokea Maji ya Chai, mbali nje ya mji. Mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, khanga juu ya gauni, mkoba mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za wazazi, za mke, za watoto, kila mmoja kwa zamu yake. Akaniambia anaitwa Mama Anaeli. Huyo Anaeli alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, dereva wa malori, na alikuwa amefia barabarani miezi michache nyuma. Vitu vyake vikarudishwa nyumbani: televisheni, deki, na kanda ya harusi ya dada yake, Elifuraha. Waya wa kuunganishia haukuwemo.

"Kwenye harusi ile Anaeli alisimama akanisemea mimi," aliniambia. "Watu wakalia. Mimi sikumsikia, nilikuwa nyuma jikoni nahangaika na chakula. Nikasema si neno, nitamsikia kwenye kanda."

Unadhani nilimpa waya gani? Aliomba wa bei nafuu, nikampa ule mwembamba. Sikuujaribu. Nikamchorea kwenye karatasi: njano ni picha, nyeupe ni sauti. Akaondoka akiniombea baraka.

Kesho yake akarudi.

"Baba, picha naiona," alisema. "Lakini mwanangu anafungua mdomo tu."

Nilijua papo hapo. Ule mweupe ulikuwa umekatika ndani. Kumpa mwingine ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini kumbadilishia ilikuwa ni kukiri kwamba nilimuuzia kibovu, na pale nje palikuwa na gari la tajiri mmoja wa Engutoto linanisubiri nikamfungie spika zake. Nikasema, "Labda deki ndiyo mbovu, mama. Lazima nije nyumbani niione."

"Basi twende, baba."

"Leo sina nafasi. Njoo kesho."

Alinitazama. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Nitakuja kesho kwa nguvu gani?" aliuliza taratibu. Kisha akasema, "Haya. Kazi njema, baba."

Nikapanda gari nikaenda Engutoto. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Niamini, nilishukuru moyoni. Nikasema amechoka, ameacha.

Siku ya nne, adhuhuri imepita, nilikuwa nimeinama nalehemu redio ya mtu. Nikainua uso, nikamwona amesimama mbele ya meza. Sikuwa nimesikia hatua. Ni gauni lile lile, ila hakuwa na mkoba. Nikasema shikamoo, safari hii hakuitikia.

"Chukua waya mzuri," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyekauka koo. "Twende."

Aibu ilinishika. Nikachomoa waya mnene, nikatia vifaa kwenye begi, nikafunga kibanda. Nilikuwa na pikipiki, nikamwambia apande nyuma.

"Wewe tangulia," alinijibu. "Utanikuta."

Akanielekeza: ukipita soko la Maji ya Chai, kata kushoto, panda na ile njia ya udongo mpaka kwenye nyumba yenye madirisha ya bluu, katikati ya kahawa na migomba. Nikaendesha mbio, sikusimama popote. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Hata mimi najiuliza. Wakati ule nilijiambia amepata lifti ya gari dogo, limenipita sikuliona. Mtu akitaka jambo liwe la kawaida, hakosi la kujiambia.

Uwanjani palifungwa turubai, na chini yake mabenchi yamepangwa, matupu. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda, nasikia wanawake wakiongea na sufuria zikigongana. Ndani, makochi yalikuwa yametolewa, limebaki moja ukutani, na katikati ya sebule pameachwa wazi.

"Kuna ibada hapa, mama?"

"Ipo. Watu wameshuka mjini. Kuna mtu wanamleta nyumbani."

"Basi nifanye haraka, nisikucheleweshe jikoni."

"Leo wapike wenzangu," alisema, akaketi kwenye kochi lile moja.

Nikapiga magoti nyuma ya televisheni. Nikautoa waya wangu mbovu, nikauchomeka mnene. Nikawasha. Kanda ilikuwa tayari ndani ya deki. Kwanza yakaja makelele ya ukumbi, vigelegele, kisha kijana mrefu mwenye suti iliyompwaya mabegani akashika kipaza sauti.

"Viti vyote vimejaa," alisema Anaeli, "ila cha mama yangu hakina mtu. Yuko jikoni. Mwiteni."

Mtu akajibu kwa mbali kwamba mama anasema endeleeni, chakula kitaungua. Ukumbi mzima ukacheka, na Anaeli akacheka. Kisha akaacha.

"Basi mtanifikishia. Mwambieni kila siku nilipotoka shule aliniwekea chakula, akaniambia yeye ameshakula. Mwambieni nilijua hajala. Nilikuwa mtoto, nina njaa, nikala chote. Lakini nilijua. Mwambieni hivyo tu. Mwambieni nilijua."

Nikageuka kumtazama mama. Mikono yote miwili ilikuwa mdomoni.

"Ulijua," alisema. "Kumbe ulijua, baba yangu."

Kisha akaniambia, "Rudisha."

Nikarudisha nyuma. Akasikiliza. Akaniambia tena nirudishe, nikarudisha. Kila mara Anaeli alipomwita aliinama mbele na kumjibu, polepole, kama watu wawili wanaongea: "Nipo, mwanangu. Nimekuja. Nimekaa."

Mara ya tatu ilipokuwa ikiendelea, nikasikia honi barabarani na watu wanaimba tenzi. Nikaenda dirishani. Pikapu ilikuwa inapanda polepole, watu wanaifuata kwa miguu, na nyuma yake kuna jeneza. Mbele alitembea mama mmoja amebeba picha kubwa kwenye fremu, ameikumbatia kifuani.

Ilikuwa picha ya Mama Anaeli. Kitambaa kile kile kichwani.

Nikageuka. Kochini hapakuwa na mtu.

Nikajikuta nimekaa chini sakafuni. Wanawake wa jikoni walikuwa wameshazunguka mbele, wanalia. Mlangoni akaingia mzee mmoja amevaa koti jeusi, mume wa marehemu, amekuja kutazama pa kuweka jeneza. Akanikuta mimi, mtu asiyemjua, nimeketi chini, na sauti ya mwanawe aliyekufa imejaa nyumba nzima.

"Wewe nani?" aliuliza. "Nani aliyekuingiza humu?"

"Mimi fundi, mzee. Mama ndiye aliyenileta. Alikuwa amekaa hapo."

Nyuma yake Elifuraha alipiga ukelele. Mzee hakupiga kelele. Alimtazama Anaeli kwenye televisheni, akatazama lile kochi, kisha akanitazama mimi.

"Alisikia?" aliniuliza.

"Alisikia, mzee. Mara tatu."

Mzee akavua kofia, akaketi pale alipokuwa ameketi mkewe, akalia kama mtoto. Nje watu walisimama na jeneza mabegani, hakuna aliyethubutu kumwambia inuka.

Baada ya mazishi Elifuraha ndiye aliyenieleza. Mama yake alifariki usiku wa siku ile ile niliyomwambia arudi kesho. Alifika nyumbani amechelewa, miguu imevimba, akajilaza na hakuamka. Alikuwa amemwambia binti yake kwamba hakuondoka Kijenge mpaka jioni. Alikaa nje ya kibanda changu kilichofungwa akisema huenda fundi akamaliza mapema akarudi. Na mimi, nilipomaliza kule Engutoto, nilipitiliza kwangu kulala.

Nikamwambia Elifuraha habari ya waya, yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Kumbe ulikuwa waya," akainuka akaenda kukaa na baba yake.

Zile nyembamba zote nilizichoma moto nyuma ya kibanda. Tangu siku ile sijamuuzia mtu waya bila kuujaribu mbele ya macho yake, picha na sauti, hata kama foleni imefika barabarani. Nimezeeka sasa, na deki zenyewe hazipo tena. Lakini nikiunganisha chombo chochote na sauti ya mtu ikatoka, huacha kazi nikaketi kuisikiliza mpaka mwisho. Wateja wanadhani ni uzee.

Sasa nakuonya, wewe unayenisoma. Mtu akikuletea shida yake, hata ikionekana ndogo kama kipande cha waya, mtazame. Hujui kwa ajili ya nini amefunga safari, wala amebakiza siku ngapi. Kama umekosea, kiri na urekebishe akiwa bado amesimama mbele yako. Usijipe moyo kwa kisa changu. Mimi nilifuatwa ili nikamalize kazi niliyoiharibu, na tangu hapo nimeuliza watu wengi, mafundi na wasio mafundi. Sijampata mwingine hata mmoja aliyefuatwa.